Anzia kwenye kopo la rangi: mwongozo kamili wa kutafiti vifaa vya kinga kwa mafundi wa rangi nchini Uganda

Tasnifu nyingi za wanafunzi kuhusu vifaa vya kinga hupita njia moja. Mwanafunzi anaingia gereji na dodoso, anauliza nani ana barakoa, nani ana glovu, nani ana miwani, anatoa asilimia ya wanaovaa na wasiovaa, kisha anapendekeza mafundi waelimishwe. Alama zinatolewa, na fundi anaendelea kupulizia rangi akiwa na barakoa ya kitambaa ambayo mvuke wa thina, kimiminika cha kuyeyushia rangi, unaipenya bila shida. Kwenye jedwali la tasnifu ile, fundi huyo amehesabiwa kuwa amejikinga.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili, na pia mwalimu wa chuo cha ufundi, anayetaka kuuliza swali lingine: je, kilichovaliwa kinazuia kile kinachodhuru? Nimechagua mafundi wa rangi za magari na vanishi za mbao kwa sababu kwao kemia ya rangi huishia moja kwa moja kwenye mapafu ya anayeipulizia. Hatua zenyewe zitamfaa pia anayewatafiti wachomeleaji au mafundi wa mabati.

Hatua ya 1: Punguza eneo, kisha tembea bila dodoso

Usiandike "mafundi wa Kampala" kwenye kichwa cha utafiti. Katwe wapo mafundi chuma, Ndeeba wapo wa mbao na samani, na gereji za magari zimetapakaa kila mtaa. Anayepaka kabati vanishi na anayepulizia gari rangi ya kuchanganya na hadina, kimiminika cha kuifanya ikauke ngumu, hawavuti kemikali zilezile. Ukiwaweka kwenye jedwali moja utapata wastani usiomhusu yeyote kati yao. Chagua kazi moja, mtaa mmoja au miwili. Nje ya Kampala ni vizuri zaidi: Mbarara, Arua, Jinja na Gulu zina mafundi wengi, na walioandikwa ni wachache.

Siku za mwanzo nenda mikono mitupu. Salimia, omba kiti, tazama kazi tangu gari linapoingia mpaka linapotoka. Andika kila hatua: kukwangua rangi ya zamani, kusugua msasa, kupaka puti, praima, rangi yenyewe, tabaka la kung'arisha, na mwisho kuosha bunduki ya rangi kwa thina. Hatua hii ya mwisho wanafunzi huisahau kwa sababu inaonekana ni usafi tu. Mara nyingi hufanywa na kijana anayejifunza kazi, kwa mikono mitupu, uso ukiwa juu ya ndoo.

Hatua ya 2: Soma kopo kabla ya kumhoji fundi

Hapa ndipo utafiti wako utakapojitofautisha. Orodhesha kila bidhaa inayotumika: jina, mtengenezaji, rangi, namba ya toleo, na kama ina kopo la pili la hadina. Piga picha lebo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kisha tafuta karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Karatasi hizo, kwa mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, zina sehemu 16. Wewe anza na tatu: sehemu ya 2 inataja hatari, ya 3 inataja viambato, na ya 8 inaeleza vifaa vya kinga vinavyofaa.

Kwenye sehemu ya 3, fuata namba za CAS, yaani namba za kimataifa za kutambulisha kemikali, badala ya majina, maana kemikali moja inaweza kuwa na majina matano. Tolueni ni 108-88-3. Zaileni ni 1330-20-7. Ukikuta kwenye hadina namba 822-06-0, hiyo ni HDI, moja ya aisosayaneti, na swali lako limebadilika kabisa.

Aisosayaneti ndizo zinazofanya rangi ya sehemu mbili ikauke ngumu na kung'aa. Ndizo pia miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu inayotokana na kazi. Mwili ukishachokozwa nazo, kiasi kidogo tu baadaye chaweza kumletea mtu shambulio. Ubaya wake mwingine ni kwamba pua haisaidii: fundi hawezi kuinusa mapema ajue kwamba kichujio chake kimechoka. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema mwili umeshazoea, au kwamba anakunywa maziwa baada ya kazi ili kusafisha kifua, andika jibu hilo kwa heshima. Ni data muhimu sana. Maziwa huenda tumboni. Kilichovutwa kiko kwenye mapafu na damu, hayakifikii.

Utakutana na thina iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo. Usikisie kilichomo. Iandike kama "haijulikani" na uihesabu, kwa sababu idadi ya bidhaa zisizo na lebo ni matokeo yanayojitegemea, nayo yanamgusa hata mtoto anayepita pale akiwa na kiu.

Usisahau rangi za zamani zinazokwanguliwa. Rangi ya njano au ya machungwa iliyopakwa zamani inaweza kuwa na kromati ya risasi, na vumbi lake humezwa na kuvutwa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni sehemu 90 za risasi kwa milioni. Fundi anayesugua msasa mkavu juu ya rangi iliyozidi kiwango hicho hubeba risasi kwenye nguo mpaka nyumbani.

Hatua ya 3: Pambanisha kila hatari na kifaa chake

Chora jedwali. Safu ya kwanza, hatua ya kazi. Ya pili, kinachodhuru. Ya tatu, kifaa kinachoweza kukizuia. Ya nne, ulichokiona. Usiende kwa kamati yoyote ya maadili kabla jedwali hili halijajaa.

Anza na pumzi. Barakoa za N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembechembe zilizo ngumu kuchujwa; za madaraja ya Ulaya, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. Hizo ni chembechembe. Mvuke wa tolueni si chembechembe, unapita. Unahitaji katriji, yaani kopo la kichujio linalofungwa kwenye kinyago, yenye mkaa maalumu unaonasa mvuke wa kikaboni, na mbele yake kichujio cha matone ya rangi. Kwa rangi zenye aisosayaneti, kinachopendekezwa zaidi ni kifaa kinacholeta hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi.

Sasa rangi za katriji, ambazo huwachanganya hata watu wa maabara. Kwa mfumo wa Ulaya, mvuke wa kikaboni ni kahawia na chembechembe ni nyeupe. Kwa mfumo wa Marekani, mvuke wa kikaboni ni nyeusi, kichujio cha chembechembe cha daraja la P100 ni zambarau, na nyeupe ni gesi za asidi. Yaani katriji nyeupe moja inaweza kuwa na kazi mbili tofauti kutegemea ilikotoka, na maduka ya Kampala yanauza za pande zote mbili. Soma maandishi yaliyopigwa chapa. Usiamini rangi peke yake.

Muda wa katriji nao uupime. Mkaa hujaa. Unaendelea kujaa hata kifaa kikiwa kimetundikwa ukutani karibu na makopo wazi, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 85 kanuni ya kukadiria ni kwamba muda wake hupungua kwa nusu. Asubuhi za Kampala wakati wa mvua zinafika huko. Uliza katriji ilifunguliwa lini na usiku hulazwa wapi.

Halafu ndevu. Kinyago chenye katriji hufanya kazi kwa kubana ngozi. Nusu-uso kilichobana sawasawa hutarajiwa kupunguza hatari mara 10. Chenye kufunika uso mzima mara 50. Ndevu zikipita chini ya mpira wake, hesabu hiyo imevunjika. Kama chuo chako kinaweza kukupa vifaa vya jaribio la kubana kwa ladha, yale ya kupulizia sakarini au dawa chungu ndani ya kofia ya plastiki, jifunze kulitumia. Ni rahisi, na hukupa jibu ambalo dodoso haliwezi kukupa kamwe.

Mikononi: glovu nyembamba za lateksi za hospitalini hulainika haraka kwenye thina. Glovu za nitraili ni bora kwa mafuta na petroli, lakini zile nyembamba hazivumilii tolueni wala asetoni kwa muda mrefu. Za mpira wa butaili huvumilia asetoni vizuri, ila ni ghali na si kila duka linayo. Kwa macho, masikio na miguu sitakaa sana: miwani iliyoziba pembeni kwa matone na vumbi, viatu vilivyofunika vidole, na kinga ya masikio pale kompresa na grainda zinapopita desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli 3 zaidi, muda salama hupungua kwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja tu.

Hatua ya 4: Soma maandiko ukiwa na jedwali mkononi

Tafuta PubMed, Google Scholar na African Journals Online, na uingie kwenye hazina za tasnifu za vyuo vyetu. Makala zilizofungwa, mwombe mkutubi akufungulie kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea makala za kitaaluma. Kila makala iulize maswali mawili: walitazama kwa macho au waliuliza tu? Walitofautisha aina za barakoa? Makala nyingi utazikuta zimejibu hapana kwa yote mawili, na hapo ndipo pengo la utafiti wako lilipo.

Kwa msingi wa hatari zenyewe, nenda kwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC. Kazi ya kupaka rangi imo kwenye kundi lake la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa kuchomelea uliwekwa humo mwaka 2017.

Upande wa sheria, msingi ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na mfanyakazi avitumie. Lakini katika gereji ya uwanja wa wazi, mwajiri ni nani? Mwenye kiwanja hukusanya kodi ya nafasi, fundi hujitafutia mteja, na kijana wa kujifunza hulipwa kwa siku. Ingiza swali hilo kwenye utafiti. Jibu lake linaeleza mambo mengi kuliko "uelewa mdogo".

Hatua ya 5: Ruhusa

Utafiti unaohusu watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyothibitishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na kusajiliwa kwa Baraza lenyewe kupitia mfumo wa mtandaoni wa NRIMS. Ulizia mapema kwa msimamizi wako kama utafiti wa ngazi yako una utaratibu wake, maana ratiba ya kamati haitakusubiri. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019: picha ya uso wa fundi ni data binafsi.

Kwa mtaani, pitia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kisha kwa kiongozi wa mafundi wa eneo hilo. Jitambulishe kwa barua ya chuo. Hofu ya kwanza utakayoikuta ni kwamba wewe ni mtu wa kodi au wa mamlaka ya jiji, na hofu hiyo ni halali. Ijibu waziwazi: hutaandika jina la mtu wala la gereji, na atakayekataa hataulizwa sababu.

Kwa kijana aliye chini ya miaka 18, unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na kukubali kwake mwenyewe. Bosi wake si mlezi wake.

Hatua ya 6: Sampuli

Hesabu kwanza. Tembea mtaa wote, andika idadi ya mafundi wa rangi. Kwa fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, mtaa wenye mafundi 400 na kosa linaloruhusiwa la asilimia 5 utahitaji sampuli ya 200. Ukikuta wapo 60 tu, usipoteze muda na fomula itakayokuambia 52: wahoji wote. Ile namba 384 inayonakiliwa kutoka tasnifu hadi tasnifu hutokana na kudhani idadi ni kubwa mno na uwezekano ni nusu kwa nusu. Usiitumie kwa mtaa mmoja. Kumbuka pia mafundi wa gereji moja hufanana, wananunua duka moja na kuazimana kinyago. Andika namba ya gereji kwenye kila fomu ili mtakwimu aweze kulizingatia hilo.

Hatua ya 7: Tazama, ndipo uulize

Mtu akijua anatazamwa hubadilika. Kwa hiyo zuru kila gereji zaidi ya mara moja, na data ya ziara ya kwanza usiitumie kwenye uchambuzi mkuu. Utazamaji uje kabla ya dodoso. Ukitangulia kuuliza kuhusu barakoa, kesho yake utazikuta zote nyusoni.

Fomu ya utazamaji iwe na ngazi tatu kwa kila kifaa: anacho, amekivaa wakati wa hatua husika, kinafaa kwa hatari hiyo na kimevaliwa sawasawa. Chukua mfano wa kubuni. Mafundi 80: wenye kifaa chochote cha pua na mdomo 56, waliokivaa wakipulizia 40, wenye katriji sahihi iliyobana 6. Ngazi ya kwanza inasema asilimia 70, ya pili 50, ya tatu 7.5. Tasnifu ya kawaida ingeripoti 70 au 50.

Dodoso liulize tukio, si tabia. Badala ya "Je, huvaa barakoa?" uliza "Mara ya mwisho ulipopulizia rangi, ulikuwa umevaa nini usoni?" Badala ya "Unajua umuhimu wa vifaa vya kinga?" uliza "Kifaa hiki ulikinunua wapi, kwa shilingi ngapi, na nani alilipa?" Beba vifaa vyenyewe kwenye mfuko: barakoa ya kitambaa, ya hospitali, N95, na kinyago cha katriji. Fundi aonyeshe kwa kidole.

Kiswahili kitakufikisha kwa mafundi wengi, hasa waliotoka Kongo, Kenya au upande wa Arua, lakini gereji za Kampala huongea Kiganda. Tafsiri dodoso, kisha mwombe mtu mwingine asiyeona la asili alirudishe kwenye lugha ya kwanza, mlinganishe. Lijaribu mtaa ambao haumo kwenye utafiti. Kukusanya majibu kwa simu kwa programu ya KoboToolbox hakuhitaji mtandao muda wote.

Mwanafunzi wa afya aweza kuongeza kipimo cha nguvu ya pumzi. Kifaa chake ni cha mkononi na si ghali sana. Kipimo kimoja hakina maana. Pima angalau mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa, siku za kazi na za mapumziko. Namba zikishuka kazini na kupanda nyumbani, umeona dalili ya pumu ya kazi, na fundi huyo apelekwe kwa daktari, asibaki kuwa nukta kwenye grafu.

Hatua ya 8: Kama una maabara

Wanafunzi wa uhandisi na kemia wanaweza kupima vitu vyenyewe. Kata kipande cha glovu, kipime uzito, kiloweke kwenye thina ya mtaani kwa dakika 30 ndani ya kabati la kuvuta hewa, kifute, kipime tena. Kuvimba kwake kutakuonyesha glovu inavyoharibika, ingawa haipimi mvuke unaopenya taratibu. Andika kikomo hicho.

Kwa risasi kwenye rangi, omba chuo au UNBS, shirika la viwango la Uganda, kipimo cha mionzi ya eksirei.

Hatua ya 9: Jilinde mwenyewe

Usimhoji fundi akipulizia. Vaa kinyago chako sahihi ukitazama, na akikuuliza kwa nini wewe umevaa cha aina ile, mweleze. Mvuke wa thina unashika moto. Sigara na jenereta vikiwa karibu, ondoka. Ovaroli uliyoingia nayo isilale chumba kimoja nawe.

Hatua ya 10: Mapendekezo yenye gharama, na kurudi gereji

Kifaa cha kuvaa ni ngazi ya mwisho ya udhibiti. Juu yake kuna kuondoa hatari, kubadilisha bidhaa, kubadilisha mazingira ya kazi, kisha utaratibu. Kila pendekezo lako liseme liko ngazi gani, linagharimu shilingi ngapi kwa mwezi, na nani alipe. Kusugua kwa maji badala ya kukavu hupunguza vumbi na hakugharimu chochote. Kufunika makopo vilevile. Kupulizia saa ambazo wenzake hawapo karibu, upande upepo unakoelekea, ni makubaliano tu. Bunduki yenye mgandamizo mdogo hupunguza rangi inayopotelea hewani, na fundi huokoa rangi. Mpigie hesabu hiyo mbele yake. Katriji nazo zigawanye kwa idadi ya magari, maana fundi hufikiri kwa gari.

Ukimaliza, rudi kabla ya kukabidhi tasnifu. Ukurasa mmoja wenye picha za katriji za mifumo yote miwili, majina ya hadina zilizokutwa na aisosayaneti mtaani hapo, na maduka yanayouza kifaa sahihi, ubandikwe pale wanapolia chakula. Nakala nyingine ipeleke kwa idara ya usalama na afya kazini katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Nakala hiyo isiwe na kitu cha kuitambulisha gereji, hata jina la barabara, kwa sababu mafundi walikupa ridhaa ya utafiti, hawakukupa ridhaa ya ukaguzi.